Barua ya wazi kwa wanangu mliomaliza mikrobiolojia

Wanangu, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Juzi nimepita maabara moja nikasimama kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea bakteria, kuangalia chati ya joto, siku yenyewe Jumanne lakini chati imeshajazwa mpaka Ijumaa, asubuhi 37, jioni 37, sahihi imetulia pembeni. Namuuliza kijana, ananijibu "mzee, hii mashine huwa haibadiliki". Na ana digrii nzuri tu!

Jamani. Huo ni uongo uliotiwa sahihi. Umeme ukikatika usiku joto likashuka, bakteria wakachelewa kuota, nani atajua? Majibu yataenda "hakuna kilichoota" na kuna mgonjwa ataachishwa dawa anayoihitaji. Ndo maana nasema ujuzi wa kwanza kwenye kazi hii ni kuandika ulichokiona, saa ile ile ulipokiona, kwa peni, kwenye daftari, sio kwenye kiganja halafu "nitahamishia baadaye". Ukikosea piga mstari mmoja kosa liendelee kusomeka, tia sahihi na tarehe. Kontroli, yaani kipimo ambacho jibu lake linajulikana tayari, ikikataa usirudie kimyakimya, andika imekataa.

Chukua kipimo cha diski, vile vikaratasi vyenye dawa mnavyoweka juu ya bakteria kisha mnapima duara ambalo bakteria hawakuota. Agari ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, inatakiwa iwe na unene wa milimita 4. Ukiimimina nyembamba duara linatanuka, bakteria sugu anaonekana dawa inamuua. Ukipandikiza bakteria wengi kupita McFarland 0.5, kile kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria, duara linasinyaa, dawa nzuri inaonekana haifai. Mnapima kwa rula vizuri kabisa, namba safi, kumbe kosa lilishafanyika kwenye kumimina. Ile E. coli ATCC 25922, bakteria wa kontroli, mnayoona kero kuipanda kazi yake ndo kunasa kosa kama hilo, duara lake likitoka nje ya viwango usitoe majibu ya mgonjwa yeyote mpaka ujue kwa nini.

Mengine nayataja tu. Andika namba ya sampuli kwenye kitako cha pleti, kile kisahani cha kuoteshea, mifuniko huwa inabadilishana. Tepu ya otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ikibadilika rangi maana yake imepita kwenye joto, haikuambii vijidudu vimekufa, kwa hilo kuna spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kufa kwa joto, zikifa hizo ndo unajua. Someni viwango vya kimataifa vya maabara, ISO 15189 kama mko hospitali, ISO/IEC 17025 kama mnapima maji na chakula. Jifunzeni kompyuta. Na damu ikiotesha kitu mpigie daktari simu hapo hapo, usingoje ripoti ikamilike.

Ila sitawabebesha nyie peke yenu, wanangu, maana najua mlikotoka. Chuoni wanafunzi wamezunguka pleti moja, mmoja anapanda, wengine wanapiga picha, halafu ripoti inanakiliwa ya mwaka jana na inapata alama kubwa, wakati aliyeandika kwa ukweli kwamba yake haikuota anakatwa. Tumewazoesha wenyewe kuandika jibu linalotarajiwa. Kazini nako kijana akija kusema amechafua sampuli anafokewa mbele ya watu wote, unadhani kesho atasema tena? Walimu wenzangu, aliyeandika "haikuota" na akaeleza anadhani kwa nini, mpeni alama zake zote. Na nyie wakuu wa maabara, anayekuja mwenyewe kusema ameharibu msikilizeni kwanza, sampuli nyingine inaweza kuombwa mapema kabla majibu mabaya hayajamfikia mgonjwa.