Anayerudi kwenye gofu hahitaji fimbo 14

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu walioacha kucheza gofu kwa sababu ya malezi, kazi au ada, ambao sasa wanatamani kurudi lakini wakiulizia bei ya fimbo wanakata tamaa. Mimi ni mmoja wao. Nilijifunza mchezo huu Moshi nikiwa msichana, kwa fimbo za marehemu baba, nikaendelea nao hapa Dar es Salaam mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, kisha nikauacha kwa miaka 13. Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 52, nilirudi, na katika miezi minne ya mwanzo nilitumia fedha nyingi kununua vitu ambavyo havikunifaa hata kidogo. Nisingependa mwingine apite njia hiyo, hasa yule ambaye fedha yake ni ya kudunduliza.

Nilianzia dukani. Muuzaji alinitazama mara moja, akaniletea seti kamili ya fimbo za kike, begi likiwemo, kwa shilingi milioni 2.4. Hakuniuliza urefu wangu wala umri wangu, wala kama nilikuwa nimewahi kushika fimbo kabla ya siku ile. Nami sikuuliza, kwa kuwa niliamini kwamba maadamu zimeandikwa za wanawake basi zimenikusudia. Sasa najua kwamba neno hilo halipimi chochote. Fimbo za kike kwa kawaida huwa fupi kuliko za kiume kwa takriban inchi moja, na shafti zake, yaani vile vijiti virefu vinavyounganisha kichwa na mshikio, ni laini kuliko zote na huwekwa herufi L. Zinamfaa mwanamke wa kimo cha kawaida ambaye mwendo wa mikono yake ni wa taratibu. Mimi nina urefu wa sentimita 174, na nilifundishwa kupiga mpira na baba ambaye hakuwa na subira na mtu anayepiga kwa woga. Kila Jumamosi nilikuwa nikirudi nyumbani nikijikanda kiuno kwa sababu ya kuuinamia mpira kupita kiasi, na mipira yangu mingi ilikuwa imeishia kushoto, kwenye majani marefu.

Kwanza niseme juu ya idadi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Watu wengi hudhani kwamba kanuni za gofu zinamtaka mchezaji awe na fimbo 14. Sivyo. Idadi hiyo ni ukomo wa juu, iliyowekwa Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka uliofuata, kwa kuwa wachezaji wakubwa wa wakati ule walikuwa wakijaza fimbo zaidi ya 20 kwenye begi moja na kumtwisha kedi, yaani mbebaji wa begi la mchezaji, mzigo usiobebeka. Idadi ya chini haikuwekwa kamwe. Kabla ya kanuni hiyo, mwaka 1916, Chick Evans, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa ridhaa, alitwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani akiwa na fimbo saba tu, kwa mikwaju 286 katika raundi nne, na rekodi hiyo ya mikwaju ilidumu miaka 20. Ikiwa saba zilimtosha bingwa, sioni kwa nini mtu anayecheza mwishoni mwa wiki, ambaye bado anatafuta mkono wake uliopotea, aanze na 14. Katika seti yangu ya dukani kuna aironi tatu, yaani zile fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma na zilizopangwa kwa namba, ambazo hadi leo sijazitoa kwenye nailoni.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, kedi wa siku nyingi, aliyekuwa akibeba mabegi tangu sijaolewa. Nilimkuta amekaa chini ya mti karibu na uwanja wa mazoezi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kama nimerudi moja kwa moja au nimekuja kusalimia tu. Nikamweleza kwamba nimerudi, ila mpira haunitii. Hakunijibu. Alitoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akachora mstari mmoja mnene kwenye mpira, akauweka chini huku mstari umesimama wima ukitazama uso wa fimbo, akaniambia nipige. Nilipopiga akaichukua ile aironi namba 7 mkononi mwangu na kuigeuza. Wino ulikuwa umehamia kwenye chuma, na mstari wake umelala upande kama mlingoti wa ngalawa uliolemewa na upepo. "Mwanangu," akasema, "fimbo hii si yako. Huipigi, unaifuata huko iliko."

Aliingia kibandani akatoka na aironi namba 7 nyingine, ya kiume, kuukuu, yenye shafti ya herufi A, ambayo ni laini kiasi na wachezaji wengi wenye umri mkubwa huitumia. Nikapiga mara tatu. Mara ya tatu mstari wa wino ulisimama karibu wima katikati ya uso wa fimbo, na mpira ukaenda nilikoutazama. Kisha akanisimamisha nikiwa nimevaa viatu, mikono imening'inia bila kukazwa, akapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kiwiko cha mkono, pale mkono unapokunjika juu ya kiganja, hadi chini ardhini. Alinieleza kwamba kimo peke yake hakitoshi, kwa kuwa watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana urefu wa mikono, na mwenye mikono mirefu hahitaji fimbo ndefu kama mwenzake. Kazi yote ilichukua chini ya nusu saa. Ile fimbo aliniuzia kwa shilingi 30,000, na ndiyo ninayoitumia mpaka leo.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo ambalo naona wauzaji wengi hawalisemi kabisa, nalo ni kwamba namba iliyochorwa chini ya aironi haina maana moja kwa miaka yote. Kinachoamua mpira upae kiasi gani na uende umbali gani ni mwinamo wa uso wa fimbo, ambao hupimwa kwa nyuzi. Aironi namba 7 ya miaka ya 1980 ilikuwa na nyuzi zinazokaribia 36, wakati nyingi za leo, hasa zinazotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida, zina nyuzi 30 au pungufu. Kwa hiyo mtu akijaribu namba 7 mpya na kuona mpira umeenda mbali kuliko alivyozoea, sehemu kubwa ya furaha yake ni kwamba ameshika iliyokuwa namba 5 ya zamani, ikiwa imepewa jina jingine. Sisemi kwamba watengenezaji wanadanganya, kwa kuwa vichwa vya sasa hupandisha mpira kwa urahisi zaidi na vinaweza kuvumilia mwinamo mdogo. Nasema kwamba anayechanganya fimbo mpya na za zamani, kama tunavyolazimika kufanya sisi wenye mifuko mepesi, asipoangalia nyuzi atajikuta na pengo.

Mimi pengo hilo lilinipata. Weji ya dukani, yaani fimbo ya kupaisha mpira kwa umbali mfupi, iliyoandikwa P ilikuwa na nyuzi 44, kama zilivyo nyingi za siku hizi, ingawa za zamani zilikuwa na 48 hadi 50. Weji ya mchanga, ile ya kutolea mpira kwenye mashimo ya mchanga, nilikuwa nimeamua kuendelea na ile ya baba, yenye nyuzi 56, kwa sababu za moyoni zaidi kuliko za mchezo. Kati ya hizo mbili palikuwa na nyuzi 12. Nikipiga kwa P mpira ulikwenda mita 90, nikipiga kwa ya mchanga ulikwenda mita 60, na kila nilipobakiwa na mita 75 kufika kwenye bendera, jambo linalotokea mara nyingi kwa mtu wa kiwango changu, nilisimama pale bila kujua nishike nini. Nilifikiri nimesahau mchezo, kumbe fimbo ya umbali ule haikuwemo kwenye begi. Weji moja iliyotumika, ya nyuzi 50, ilimaliza tatizo lile siku hiyohiyo.

Leo begi langu lina fimbo nane: draiva ya nyuzi 12 (fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza), wudi namba 5 ya nyuzi 18 (nayo ya masafa marefu, yenye kichwa kinene), haibridi ya nyuzi 26 (mchanganyiko wa wudi na aironi), aironi mbili za nyuzi 34 na 42, weji mbili za nyuzi 50 na 56, na pata ya kusukumia mpira shimoni. Kuanzia kwenye wudi hadi weji ya nyuzi 50 hatua ni za nyuzi nane nane. Ukiondoa weji ya baba, zote saba zilinigharimu shilingi 520,000, pamoja na kubadilishiwa gripu, yaani raba za mshikio.

Kuhusu draiva, ambayo ndiyo hutia watu wengi kwenye madeni, naomba msomaji ajue hili. Ukubwa wa kichwa cha draiva uliwekewa ukomo wa sentimita za ujazo 460 mwaka 2004, na kiasi ambacho uso wake unaruhusiwa kuurusha mpira kama springi nacho kina ukomo wake katika kanuni. Draiva halali ya miaka kumi iliyopita na draiva halali ya mwaka huu zimefungwa na mipaka hiyohiyo. Zipo tofauti, sikatai, hasa katika kumsitiri mchezaji asiyeupiga mpira katikati ya uso wa fimbo, lakini si tofauti ya kumfanya mtu akope. Draiva mpya ya jina kubwa huuzwa Marekani kwa dola zipatazo 600, kabla haijasafirishwa wala kulipiwa ushuru. Anayerudi baada ya miaka mingi, ambaye kasi ya mikono yake imepungua, atafaidika zaidi akiacha draiva ya nyuzi 9 na kutafuta ya nyuzi 11 au 12.

Fimbo za mtumba zinahitaji macho, tena kwetu sisi wa pwani zinahitaji macho mawili zaidi. Upepo wa bahari hula chuma. Shafti ya chuma inaweza kung'aa kwa nje huku ndani ikiwa imeoza, kwa sababu maji huingia kupitia tundu dogo lililo juu ya gripu na kukaa humo. Itikise fimbo karibu na sikio. Ukisikia kitu kama punje za mchanga zinazoteremka, irudishe kwa mwenyewe. Ya grafaiti ipitishie ukucha pale inapoingia kwenye kichwa, maana ndipo nyufa huanzia. Draiva za bandia nazo zipo nyingi, kwa hiyo nenda na sumaku ndogo: kichwa cha titani hakiishiki sumaku, ingawa skrubu na kipande cha uzito kilicho nyuma vinaweza kuishika. Fimbo ikikwama kwenye sumaku kwa mwili mzima huku muuzaji anaapa kuwa ni titani, huna la kuzungumza naye.

Gripu isikutishe. Fimbo zangu za zamani nilizikuta stoo raba zake zimekakamaa kama tairi la baiskeli lililoachwa juani, na jirani yangu akanishauri nizitupe. Yule mzee alizichana kwa wembe, akaizungushia shafti gundi ya utepe yenye kunata pande zote mbili, akamimina petroli kidogo ndani ya raba mpya, akaitikisa, akaisukuma kwa mkupuo mmoja kabla haijakauka, akaacha fimbo zilale usiku kucha. Asubuhi zilikuwa kama mpya mkononi. Unene wa raba nao hupimwa: ukiishika fimbo, ncha za vidole vya kati vya mkono wa juu ziguse kiganja kidogo tu, zisikichome wala zisikose kukifikia.

Pata sina mengi ya kuisemea. Kaa na ile unayoipenda, hata iwe ya miaka 30, kwa kuwa karibu mikwaju minne kati ya kila kumi ya mchezaji wa kawaida hupigwa kwa fimbo hiyo, na mkono ulioizoea ni mali.

Mhariri, ninachowaomba viongozi wa TLGU, chama cha gofu cha wanawake Tanzania, na kamati za viwanja vyetu, Lugalo, Gymkhana, Morogoro, Moshi na Arusha, hakihitaji bajeti. Watenge siku moja kila baada ya miezi mitatu ambapo wanachama wataleta fimbo wasizozitumia, na wanaotaka kurudi waje kuzijaribu uwanjani kabla ya kulipa. Stoo zetu na uvungu wa vitanda vyetu vimejaa fimbo nzuri, nyingine za wazazi waliotangulia mbele ya haki, zinazoliwa na kutu huku watu wakiambiwa kwamba gofu ni ya matajiri. Makedi wazoefu wawepo siku hiyo kwa ajili ya kupima watu, na walipwe kwa kazi hiyo kama mafundi, kwa sababu ni mafundi.

Siku hiyo ikitangazwa nitaileta ile seti ya dukani, fimbo zote 14 na begi lake, nailoni ikiwa bado kwenye aironi tatu. Itamfaa mwanamke mfupi kuliko mimi mwenye mikono ya taratibu. Bei tutaelewana papo hapo, baada ya mzee kumpima.

Wako,
Mchezaji wa ridhaa,
Kinondoni, Dar es Salaam