Kwa dada wa kwenye benchi, hospitali ya Mulago

Dada yangu, jina lako sikuliuliza. Mama alikuwa hapati usingizi kwa maumivu ya saratani, nami nilidhani hospisi ni nyumba ya kumpeleka mtu akafie. Ukanieleza kwa upole kwamba wauguzi huja hadi nyumbani, na kwamba hapa Uganda, tangu 2004, muuguzi aliyesomea kazi hiyo ya kutuliza maumivu anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Ukanielekeza Makindye, hapa Kampala, kwenye hospisi iliyoanzishwa 1993, niende na barua ya daktari na majibu ya vipimo. Nilikwenda kesho yake.

Usiku wa kwanza wa dawa ile, mama alilala. Alilala, dada! Asubuhi akaomba uji. Tulipata wiki saba za kuzungumza naye. Mungu akulipe, popote ulipo.