Seli za hidrojeni zisisifiwe kwa platini pekee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo makala za magari ya hidrojeni, zikiwemo za gazeti lako, hulipita kimyakimya. Msomaji huelezwa habari za platini, yaani kichocheo kinachoharakisha kemia ya seli, na ughali wake, huelezwa habari za utando wa polima unaopitisha protoni na kuzuia elektroni, kisha huachwa aamini kwamba siri yote ya seli ya fueli, kifaa kinachounganisha hidrojeni na oksijeni ya hewa kikatoa umeme na maji, imo katika kemia. Mimi ni fundi mitambo, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, ni kweli kwamba seli yenye kichocheo bora kabisa inaweza kutoa umeme hafifu kwa sababu tu bolti zake zimekazwa vibaya.

Seli moja, ambayo kinadharia ingefikia volti 1.23, ikiwa kazini hutoa takribani volti 0.6 hadi 0.7, na ndiyo maana seli nyingi hupangwa mfululizo na kubanwa kati ya mabamba mawili mazito. Ndani ya kila seli, baina ya utando wenye kichocheo na bamba lenye mifereji ya gesi, hulala karatasi ya nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko nusu milimita na yenye vitundu tele. Karatasi hiyo imebebeshwa kazi mbili zinazogombana: kupitisha umeme, ambako kunataka igandamizwe, na kuruhusu gesi iingie na maji yatoke, ambako kunataka iachiwe nafasi. Ikibanwa kidogo mno, ukinzani hupanda pale inapogusana na bamba, na sehemu ya umeme hupotea kama joto. Ikibanwa kupita kiasi, vitundu huzibika, nyuzi hukatika na huweza hata kuutoboa utando, na karatasi yenyewe hubonyea ndani ya mifereji na kuifanya myembamba.

Wala shida haiishii kwenye kiasi cha nguvu. Bolti huwekwa pembezoni, na bamba la mwisho lisipokuwa gumu vya kutosha hupinda, kingo zikabanwa sana ilhali katikati pamelegea, hata fundi aliyekaza kila bolti kwa kipimo kilekile akadhani kazi yake ni safi. Zaidi ya hayo, utando huvimba unaponyonya maji na kusinyaa unapokauka, kwa hiyo mbano uliopimwa siku ya kuunganisha seli sio ule utakaokuwepo seli ikifanya kazi kwenye nyuzijoto 80 za Selsiasi.

Umbo la mifereji nalo lina uzito wake, hasa upande wa hewa, ambako maji huzaliwa. Mifereji sambamba haihitaji msukumo mkubwa wa gesi, lakini tone likiziba mmoja, gesi hujipitia kwenye mingine, na eneo lililozibwa hukosa oksijeni. Mfereji mmoja unaojikunja kama nyoka hulisukuma tone hilo mpaka nje, ila kompresa inayosukuma hewa hulipia kazi hiyo kwa umeme uleule tunaoutafuta. Toyota, ilipotoa gari la Mirai mwaka 2014, iliiacha mifereji ya kawaida upande wa hewa na kutumia wavu laini wa pande tatu ili maji yaondoke na hewa ienee. Gari hilo lilikuwa na seli 370, na kwa kuwa mkondo uleule wa umeme hupita katika zote, seli moja iliyofurika maji huzipunguzia mkondo huo nyingine zote.

Kwa hiyo ninaomba waandishi wako, watakapoelezwa tena kwamba seli fulani imevunja rekodi ya nguvu, waulize pia ilikuwa imebanwa kwa mgandamizo gani, mbano huo ulienea vipi juu ya eneo lake, na mifereji yake ilikuwa ya umbo gani.

Wako msomaji,
Fundi mitambo