Usisubiri hela ya korosho ndipo uzibe jino

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na malipo yakaanza kuingia, kliniki yetu hapa Mtwara mjini hujaa. Watu hutoka Mikindani, Nanyamba, Tandahimba, wengine wamepanda gari alfajiri kutoka Newala. Jino limewasumbua tangu mvua za mwanzoni mwa mwaka, na wakikaa kwenye kiti neno la kwanza ni lilelile: "Daktari, ng'oa tu." Mara nyingi wako sahihi, jino limeshafika pa kung'olewa. Ila jino hilohilo, miezi michache nyuma, lingezibika kwa muda mfupi na mtu akaondoka nalo mdomoni.

Shida ni kwamba jino halitoi taarifa mapema. Tabaka lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na karibu lote ni madini matupu. Halina mshipa wa fahamu, kwa hiyo linaweza kuliwa taratibu kwa muda mrefu bila wewe kusikia chochote. Chini yake kuna dentini, laini zaidi, yenye vijinjia vidogo mno vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, kwenye damu na mishipa ya fahamu. Uozo ukifika huko ndipo maji ya baridi yanaanza kukushtua.

Wazee wetu walisema ni mdudu, na wapo mpaka leo wanaotoa "mdudu wa jino" kwa moshi na mbegu. Hakuna mdudu. Wapo bakteria, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata kwenye meno ukiamka asubuhi. Ukila sukari nao wanakula, na wanachotoa ni asidi. Kipimo cha pH mdomoni, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Kisha mate hufanya kazi yake: huipoza ile asidi na kurudisha madini kidogo kidogo, kazi inayochukua nusu saa hadi saa nzima.

Kwa hiyo idadi ya mara unazokula sukari ina uzito kuliko kiasi unachokula kwa mkupuo. Mtu anayekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari asubuhi, akamaliza, ameyapa mate nafasi. Muuza duka mwenye kikombe cha chai pembeni anachokionja kutwa nzima hajayapa nafasi hata kidogo. Vivyo hivyo mtoto anayefyonza barafu ya mfuko wakati wa mapumziko, akaingia darasani na ubuyu wa rangi mfukoni. Ubuyu wenyewe una uchachu wake, ukaongezewa sukari juu. Hatukatazi ubuyu, nasi tunaula. Uleni ukaisha, msiuweke shavuni mpaka jioni.

Uozo ukianza huonekana kama doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na fizi. Hapo hakuna cha kuziba. Dawa ya meno yenye floridi (tazama kwenye boksi, iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm) ukipiga mswaki mara mbili kwa siku inaweza kuliponya doa hilo. Likishatoboka, limetoboka, jino haliwezi kujijaza lenyewe, na karafuu, tumbaku au maji ya betri havijazi shimo. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda. Maji ya betri yanaunguza fizi na ulimi, na tumeshapokea watu wenye vidonda hivyo.

Wengi hushangaa tukiwaonyesha kitundu kidogo na kuwaambia ndani pana. Ni kama hindi lililoingiliwa na dumuzi: nje tundu la sindano, ndani unga mtupu. Dentini huoza haraka kuliko enameli, kwa hiyo paa hubaki limesimama huku chumba kikiisha, mpaka siku unatafuna kisamvu, wala si mfupa, nusu ya jino inabomoka.

Sikiliza pia namna linavyouma. Likishtuka kwa baridi au kitu kitamu halafu likatulia mara moja, kiini kwa kawaida bado kizima na jino linazibika. Likipwita lenyewe usiku na kukuamsha, kiini kimeshaumia. Kuziba peke yake hakutasaidia, itabidi kutibu mzizi au kung'oa. Hatari zaidi ni lile lililouma wiki nzima kisha likanyamaza. Watu hufurahi kwamba limepona, kumbe mshipa umekufa na usaha unajitengeneza chini. Ukiona uvimbe wa shavu wenye homa, au kumeza kunakuwa kugumu, usisubiri kliniki ifunguliwe: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuziba kwenyewe ni kuondoa sehemu iliyooza, kusafisha na kujaza. Siku hizi tunatumia zaidi kompositi, ile yenye rangi ya jino, inayowekwa tabaka kwa tabaka na kukaushwa kwa taa ya bluu. Ni imara na inapendeza, ila inataka jino liwe kavu kabisa wakati wa kuweka. Vizibo vya rangi ya fedha vimeanza kuachwa kwa sababu karibu nusu yake ni zebaki. Mwaka 2022 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana visitumike kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona lazima. Kama unacho cha zamani na hakijavunjika, kiache.

Ipo njia ya tatu, na hapa Watanzania tuna haki ya kujivuna kidogo. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa nchini, ilianza mbinu ya kuchokoa uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha kujaza glasi ayonoma, saruji inayoshikana na jino na kuachia floridi. Ilitafutwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na baadaye ikaenea duniani. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Kwa mtoto anayelia akisikia mlio wa mashine, au umeme ukikatika, tunaitumia bila kusita, ingawa kwa shimo kubwa la gego la mtu mzima kompositi hudumu zaidi.

Wazazi, neno moja. Akifika miaka 6 hivi mtoto huota gego la kudumu nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wengi hudhani ni la utoto, "litang'oka tu", wakaliacha lioze. Hilo halina mrithi. Na hata magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au 12, ni muda mrefu wa kutafunia maumivu.

Ukija, kula kwanza na upige mswaki. Tuambie kama una presha, sukari, ujauzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichomwa ganzi, subiri iishe ndipo ule, maana mtu hujing'ata midomo bila kujua, hasa watoto. Jino likisisimka kwa baridi siku chache baada ya kuzibwa ni kawaida. Likigusa kabla ya mengine unapofunga mdomo, rudi tulisawazishe, hiyo hatutozi.