Risala ya Kamati ya Dawa na Tiba kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi,
Uongozi wa hospitali,
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kutusikiliza. Wagonjwa hawatuoni, ila kila kidonge wanachopewa kinapaswa kuwa kimejadiliwa kwanza kwenye meza yetu.

Ndugu mgeni rasmi, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na msingi wake tunaufuata hadi leo: hospitali haihitaji kila dawa iliyoko sokoni. Daktari akiomba dawa mpya, tunamuuliza inaizidi nini ile tuliyonayo, madhara yake yanajulikana kiasi gani, na kama tutaimudu mwaka mzima. Mjumbe mwenye maslahi na muuzaji hutamka hivyo na kutoka kikaoni. Katika hilo hatulegezi kamba.

Lakini dawa iliyochaguliwa vizuri huweza kuua ikiandikwa vibaya. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ikiandikwa kila siku, uboho wa mgonjwa unaweza kushindwa kutengeneza chembe za damu. Anayeandika "1.0" badala ya "1" anaweza kumsababishia mgonjwa dozi mara kumi, nukta isipoonekana. Kwa hiyo tunapitia vyeti vya dawa, tunahimiza dawa iandikwe kwa jina lake la kitaalamu, si la kibiashara, na antibiotiki za kundi la akiba, yaani zile zinazotunzwa kwa maambukizi sugu yaliyoshinda dawa nyingine, hazitoki bila idhini. Muuguzi anayesimamisha dozi ili aulize hatumwoni mkaidi hata kidogo. Huyo ameokoa mtu.

Ndugu mgeni rasmi, vikao vyetu huahirishwa mara kwa mara kwa sababu wajumbe wameitwa wodini, na baadhi ya maamuzi hubaki kwenye muhtasari. Tunaomba muda wa vikao uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Tunaomba pia dawa iliyo nje ya orodha isinunuliwe kamati haijaridhia. Ombi letu kubwa kuliko yote ni kwamba mfanyakazi anayeripoti kosa la dawa asiadhibiwe kwa kuripoti. Akiadhibiwa leo, kesho wenzake watanyamaza, na kosa lilelile litamkuta mgonjwa mwingine kabla hatujajua lilianzia wapi.

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.