Shangazi, nimeombwa jina langu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Tanga, ila biashara nilianzia Dar na Dar ndiko niliko sasa. Nimerudi Machi 2025 baada ya kuishi miaka 14 Guangzhou, kusini mwa China. Kuna mtu ameniomba jina langu liandikwe kwenye leseni ya duka, nami sijui nimpe au nimnyime. Niwie radhi nikianza mbali, maana bila ya huko hutaelewa kwa nini silali.

Mwaka 2011 nilipanda ndege na mtaji wa watu watatu, wangu na wa dada zangu, nikiwa na viza ya siku 30. Nikafikia Xiaobei, mtaa ambao kila Mwafrika aliyewahi kufuata mzigo kule anaujua. Kichina sikujua hata salamu. Bei tulikuwa tunapatana kwa kalkuleta: muuzaji anabonyeza yake anakusogezea, unafuta, unabonyeza yako, unamrudishia, mpaka mmoja acheke. Wao wanatuita "pengyou", rafiki, hata kama hawakupendi. Sisi tunawaita "laoban", bosi, hata kama ni kibarua wa dukani.

Kwenye masoko ya mikoba ya Sanyuanli ndiko nilikompata mama huyu ninayetaka kukueleza. Amenizidi miaka kama minane. Aliniona nakagua zipu moja moja, mikoba 200, jasho linanitoka, akaniletea kikombe cha maji ya moto. Maji ya moto, Shangazi, na joto lile! Nikadhani ananikejeli. Baadaye nikajua ndiyo heshima yao, na leo hii mimi mwenyewe maji baridi hayanipiti kooni, wifi zangu wananicheka. Tangu siku ile akaacha kuniita pengyou. Akaniita "meimei", mdogo wangu, nami nikamwita "jie", dada.

Nikawa wakala. Wateja wa Kariakoo wananitumia picha na pesa, mimi nazunguka kiwandani na sokoni, nakagua, nakusanya, napakia kontena la kuchangia. Kazi hiyo inataka stoo, na viza yangu ya biashara haikuwa ya mtu wa kufungua duka wala ofisi. Jie akaikodi stoo kwa jina lake. Miaka tisa, Shangazi, mizigo ya Waswahili imelala ndani ya jina la yule mama, na hakuwahi kuniomba yuani moja ya ziada.

Halafu ukaja Aprili 2020. Labda uliona kwenye taarifa za habari jinsi Waafrika wa Guangzhou walivyotolewa kwenye nyumba na hoteli wakati wa korona, hata waliopimwa wakakutwa wazima. Nilikuwa mmojawapo. Mwenye nyumba alinipa saa moja. Kodi nilikuwa nimelipa. Nililala nje usiku mmoja chini ya daraja la magari pamoja na wadada wawili wa Kiganda, mvua inanyesha, begi nimelifanya mto. Asubuhi jie akaja na gari la mizigo. Alituficha stoo siku kumi na moja katikati ya makatoni ya mikoba, analeta uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Angekamatwa angepata shida yeye. Alijua hivyo. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivi, akaniambia nile kwanza, uji unapoa.

Anaye mtoto mmoja tu. Nilimkuta ana miaka tisa, anafanyia kazi za shule juu ya katoni, kalamu ikitoboa karatasi. Mimi nikamfundisha moja mbili tatu, yeye akanifundisha kusoma vibao vya mabasi. Akawa ananiita "ayi". Maana yake ndiyo hiyo unayoitwa wewe.

Mwaka 2023 kijana alikuja Dar kuuza mikoba ya mama yake. Na hapa ndipo ninapoona haya: ni mimi niliyemwelekeza. Nikiwa kulekule Guangzhou nilimpigia dalali simu, nikamtafutia fremu Kariakoo, kilemba, ile pesa ya kupewa nafasi ya fremu, nikakipigia hesabu mwenyewe ili wasimwibie mtoto. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mdogo wangu wa kiume ana meza ya mikoba mtaa wa pili. Mkoba anaoupata yeye kwa jumla shilingi 18,000, kijana alianza kuuuza rejareja 20,000, kwa sababu unatoka kwa mama yake. Mdogo wangu ameuza pikipiki yake ili ada za watoto zipatikane. Hajui kwamba fremu ile niliitafuta mimi. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Mimi mwenyewe nilirudi kwa sababu mama anaumwa miguu, na kwa sababu kazi ilikwisha taratibu bila mtu kuniambia imekwisha. Siku hizi wasafirishaji wa Kichina wana maghala yao Guangzhou, wana vijana wanaojibu kwa Kiswahili safi. Mteja wa Kariakoo ananihitajia nini? Nilifunga stoo, nikaenda Ijumaa ya mwisho kwenye ule msikiti wa kale ambapo inaaminika ndipo lilipo kaburi la Saad bin Abi Waqqas, nikanunua nyama choma ya getini, nikala nimesimama huku nalia kama mjinga. Siku mbili baadaye nikapanda ndege.

Basi Julai 2025 ikatoka ile amri ya serikali inayowazuia wasio raia kufanya biashara 15, na ya jumla na rejareja imo. Mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali vinafutwa. Mwenye leseni hai anaendelea nayo mpaka iishe, ikiisha hapewi nyingine. Ya kijana inaisha mwezi ujao. Kariakoo watu walishangilia. Mdogo wangu alileta soda nyumbani.

Wiki hiyohiyo jie akanitumia ujumbe wa sauti. Alizunguka sana, akauliza mama anaendeleaje, akauliza kama nimepata ile chai. Mwishoni akasema: duka liandikwe kwa jina lako, mtoto abaki kama mfanyakazi wako, tutakutumia laki sita kila mwezi. Hakutaja stoo. Hakutaja mvua. Angetaja ningekasirika na ingekuwa rahisi.

Nimeisoma amri hiyo. Raia anayemsaidia mgeni naye ametajiwa adhabu, faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Tena TIN, ile namba ya mlipakodi, ikiwa yangu, leseni yangu, mashine ya risiti yangu, siku deni la kodi likija litanikuta mimi. Dalali wangu anacheka, anasema mbona wengi wanafanya hivyo. Kwangu hilo si jibu.

Nilijaribu njia ya kati. Nikamwambia jie anipe mzigo mali kauli, duka liwe langu kwelikweli, nikiuza namrudishia chake. Alinyamaza kidogo akasema mikoba sawa, lakini mtoto je? Kijana ana miaka 23 sasa. Kiswahili anaota nacho, ana timu yake ya mpira Ilala, wali maharage anakula kwa mkono. Guangzhou anaiona kama mimi ninavyoiona Tanga, mahali pa kwenda kusalimia. Namwangalia najiona mimi 2020, mtu anayeambiwa afungashe.

Mama, niliyemsimulia nusu tu, ameniambia wema hauozi, nisiwe na shukrani ya punda. Mdogo wangu, niliyemwambia kama habari ya mtu mwingine, alisema huyo mwanamke hana jina la kukodisha, jina ni la baba yao. Hakujua anavyonichoma. Baba yetu ni mmoja, na jina lile naye analitumia.

Sasa Shangazi, naomba unisaidie mambo haya. Nikikataa, namwambiaje mtu aliyenificha kwenye jina lake miaka tisa? Nimrudishie fadhila kwa namna gani nyingine isiyonipeleka mahakamani? Na mdogo wangu, nimweleze habari ya fremu sasa, au nisubiri duka lifungwe kwanza?

Nakuomba ujibu mapema. Jana kijana alipita nyumbani, akamletea mama mkoba wa kuwekea dawa, akakaa barazani, hakuuliza chochote. Alipoondoka aliniambia, "Ayi, mimi nasubiri tu."

Niite Meimei,
Dar es Salaam