Kuchonga bloku au kununua mpya? Jibu liko kwenye geji

Lalamiko ni lilelile. Mteja analeta bloku ya pikipiki ya zamani (silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), tunaichonga, yaani tunapanua tundu lake liingie pistoni kubwa zaidi, anaifunga, kisha jirani anamwambia kwamba Kariakoo seti nzima ya bloku, pistoni, ringi, pini na gasketi ingemgharimu karibu sawa na alichotulipa. Anarudi amenuna: "Mafundi, mmenipiga." Neno hilo linauma, kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi tunavyoamua, ili siku ukija ujue unalipia nini.

Tuanze na ukweli usiotupendelea. Kama pikipiki yako ni Honda CG125 au nakala yake ya Kichina yenye chapa 156FMI kwenye injini, ni ya kazi ya kila siku na bloku imelika sana, mara nyingi tutakwambia ukanunue seti. Spea zake zimejaa madukani. Ila ipime kabla ya kuifunga, maana nakala hazilingani zote: tumekuta bloku mpya kabisa ambayo pistoni ilikaa juu ya uso wa bloku kuliko ile ya awali, na nyingine ambayo tundu lake lilikuwa na umbo la yai toka kwenye boksi.

Yamaha AG100, Honda XL185S, DT125 ya miaka ya nyuma au BSA Bantam ni habari nyingine. Bloku ya kiwandani ya pikipiki hizo imepata moto na kupoa maelfu ya mara na imeshatulia. Ukiitupa na kufunga ya kuungaunga, umetupa kitu kizuri kuliko ulichonunua.

Kabla ya yote, hakikisha ugonjwa ni wa bloku. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi injini ikiwashwa kisha ukakata, au unaotoka ukilegeza akselereta kwenye mteremko, mara nyingi ni sili za vali au gaidi za vali (mirija inayoongoza vali) zilizolika, na kazi yake iko kwenye hedi, kile kichwa kinachokaa juu ya bloku. Pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya bloku) kwa geji injini ikiwa na joto, akselereta imevutwa hadi mwisho. Kisha mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Geji ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi: tatizo ni ringi na bloku. Isipopanda, angalia vali na gasketi ya hedi. Kipimo hiki cha oili ni cha injini za mipigo minne, usikitegemee kwa AG100, ambayo ni ya mipigo miwili.

Sasa bloku ikija mezani. Tunapima sehemu tatu: juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, na chini. Kila sehemu tunapima mara mbili, kufuata krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kuikata. Juu ndiko kunakolika zaidi, kwa sababu huko joto na mgandamizo ni mkubwa na oili ni chache. Upande unaokata krankishafti nao hulika kuliko mwingine, maana ndiko pistoni inakosukumwa.

Chukua CG125. Tundu lake likiwa jipya ni milimita 56.50. Tuseme juu linasoma 56.61 kwa kukata na 56.55 kwa kufuata, chini 56.52. Tayari kuna tofauti ya 0.09 kati ya juu na chini, na uduara umepotea kwa 0.06. Pistoni ya zamani tunaipima kwenye sketi (sehemu yake ya chini), upande usio na pini, ikisoma 56.43, nafasi kati yake na bloku ni 0.18. Injini nyingi za Kijapani za aina hii hazivumilii zaidi ya 0.10. Na usidhani pistoni mpya ya stendadi (saizi ya kiwandani) itakuokoa: hata ikiwa 56.47, bado kuna 0.14. Pistoni itagonga kama kawaida, ila sasa itagonga ikiwa mpya.

Hapa ndipo njia ya mkato inapoingia. "Fundi, nibadilishie ringi tu." Ringi peke yake kwenye bloku iliyolika ni hela ya bure, na sababu yake ni hesabu. Tundu likipanuka kwa 0.10, mdomo wa ringi (pengo kati ya ncha zake mbili) unafunguka kwa zaidi ya mara tatu ya hapo, yaani takribani 0.31. Ringi mpya iliyotakiwa kuwa na pengo la 0.25, kwenye bloku yetu ya mfano itakuwa na 0.60 ikiwa juu na 0.31 ikiwa chini. Inafunguka na kujifunga kila pistoni ikipanda na kushuka, mpaka ivunjike au ichoke.

Kuna baya zaidi. Juu kabisa, pale ambapo ringi ya zamani haikuwahi kufika, hubaki ukingo wa chuma ambacho hakijalika. Pitisha ukucha ndani ya bloku kutoka katikati kwenda juu, utausikia. Ringi mpya ina kona kali na inaugonga ukingo huo kila mzunguko. Bloku moja ya XL185S ililetwa hapa baada ya ringi kubadilishwa hivyo mtaani: ringi ya juu ilikuwa vipande vitatu na bega la pistoni limemeguka. Kilichokuwa kinahitaji kuchongwa saizi ya 0.25, yaani milimita 0.25 juu ya stendadi, kikaishia 0.75, na hela ya ringi ikawa imeshaliwa.

Watu hudhani 0.25 inatoa chuma cha robo milimita kila upande. Hapana, hicho ni kipenyo. Kila upande unapoteza 0.125 tu. Kwa hiyo mchubuko wenye kina cha 0.20, kama ule unaoachwa na klipu ya pini iliyochomoka, hautoki kwa 0.25. Utahitaji 0.50, na hatukudanganyi tukikwambia hivyo. Ile CG125 yetu ya 56.61, hata kama ulikaji wote uko upande mmoja, inapona kwa 0.25 chupuchupu.

Kwa hiyo sheria ya karakana yetu ni moja na haibembelezwi: lete pistoni kwanza. Hatuchongi kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pistoni mbili zenye chapa "25" kutoka maduka mawili zinaweza kutofautiana kwa milimita 0.01 kadhaa, na 0.02 au 0.03 ndizo zinazotenganisha injini tulivu na injini iliyojam. Pistoni yako ikisoma 56.72, tutamalizia 56.75 au karibu na hapo kulingana na kitabu cha pikipiki hiyo. Wapo waliochonga kwanza kwingine hadi 0.50, kisha wakazunguka mji mzima na kukuta kilichopo ni 0.75 na 1.00 tu. Bloku inachongwa mara ya pili, inapoteza saizi moja bila kutembea hata kilomita.

Wenye pikipiki za Kiingereza, angalizo. Chapa "020" kwenye pistoni ya Bantam ni inchi 0.020, karibu milimita 0.51. Aliyeisoma kama 0.20 alitaka tumchongee tundu ambalo pistoni isingeingia.

Mashine ya kuchonga haimalizi kazi. Tunaacha kama 0.04 ya kutolewa kwa mawe ya kuhoni (kusaga taratibu kumalizia), yanayoacha mistari inayokatana kama wavu; mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Kisha bloku inaoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli haiondoi unga wa mawe, inausambaza tu. Tunapaka oili, tunafuta kwa kitambaa cheupe, na kikitoka na weusi tunarudia. Kwa injini ya mipigo miwili kama AG100, kingo za milango yote ndani ya tundu (matundu ya kupitishia hewa na moshi) lazima zivunjwe makali kwa mkono, la sivyo ringi inanasa mlangoni na kukatika. Hiyo ni kazi ya taratibu, na ndiyo sababu bei ya AG100 ni kubwa kuliko ya CG. Anayechonga kwa nusu ya bei yetu, muulize kama anaifanya.

Lini tunasema basi? Bloku iliyopasuka chini karibu na boliti, iliyofika saizi ya mwisho ya pistoni zinazopatikana, au yenye ukuta uliobaki mwembamba. Ikiwa ni ya pikipiki adimu, bado kuna kuvisha slivu (bomba jipya la chuma ndani ya tundu): bloku ya alumini inapashwa moto kwenye oveni, slivu baridi inashushwa, kisha inachongwa kurudi stendadi. Kwa mipigo miwili, slivu lazima itobolewe milango iliyo sawasawa na ya bloku, na gharama inapanda. Mapezi mawili matatu ya kupozea yaliyovunjika hayatoshi kuitupa bloku. Jaribu pia sumaku: isiponasa ndani ya tundu, ukuta ni alumini iliyopakwa kifuniko kigumu, na hiyo haichongwi kwa njia ya kawaida.

Injini iliyojam haichongwi kabla ya kujua kilichoijamisha. AG100 ina pampu ya oili ya Autolube. Ikiwa imekufa, au sili ya krankishafti inavuta hewa, pistoni mpya itashika kama ya kwanza. Tumeshapokea bloku ileile mara mbili kwa sababu hiyo, na lawama ikatuangukia sisi.

Ukishafunga, usiiache injini ingurume bila mzigo nusu saa nzima. Ringi hazikai, ukuta unang'aa kama kioo. Endesha, panda na shuka gia, usiifungulie hadi mwisho wala kubeba abiria wawili kwa kilomita 500 za mwanzo. Kwa mipigo minne, mwaga oili ya kwanza ukifika kilomita 200 hivi. Usitumie oili ya sinthetiki kwa kipindi hicho.

Ukija, lete bloku, pistoni ya zamani, pistoni mpya na ringi zake, na boksi lake usilitupe. Usiisugue bloku kwa msasa njiani "ili isaidie". Tunataka kuuona mchubuko ulivyo. Kupima ni bure, na tukikuta inafaa ringi na kuhoni tu, utalipia hicho tu.